Boti Isiyobeba Kopo

Habari zilinikuta katikati ya jiji, nikiwa kwenye foleni ya benki: fundi wetu wa kuchomelea vyuma wa pale Ngara amefariki. Nilitoka kwenye foleni bila kuhudumiwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanisamehe, siasa leo zitasubiri, maana nataka kujivunia mtu. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, mwenye sauti ya kuzishinda mashine zake, na kujishusha hakukujua kabisa. Ukimsifu kwa geti alilokutengenezea, alikujibu, "Najua." Mimi aliniita Bwana Gazeti tangu siku aliyonikuta nimetandika gazeti lenye safu yangu kwenye benchi lake la grisi na kulikalia. "Hata wewe mwenyewe unajikalia?" aliniuliza, akacheka mpaka wateja wakageuka.

Watu wa kisiwa chao wanaoishi Nairobi wana chama, na chama kilikuwa kimepewa boti kuukuu ya chuma. Ilikuwa imekaa miaka mingi bustanini kwa tajiri mmoja wa mtaa wa Karen, imejazwa udongo na kupandwa maua. Walitaka ivushe wagonjwa kwenda hospitali ng'ambo, hasa akina mama wajawazito. Lakini kutu ilikuwa imelila tumbo la boti vibaya sana. Mwenyekiti wa chama alitaka mabamba yachomelewe juu ya matundu, ipigwe rangi, ipakiwe kwenye lori Jumamosi, kwani mgeni wa heshima alikuwa ameshaalikwa na ng'ombe ameshanunuliwa. Fundi aligonga chuma kwa nyundo, nyundo ikazama. "Hapana, mwenyekiti. Mimi sipaki mtu mekapu juu ya donda." Akaanza kukata kila palipooza, akakata na kukata mpaka akafikia chuma kizima. Nilipokwenda Karen kumtazama nilidhani ameimaliza boti yenyewe! Alinichungulia kupitia tundu la tumboni na kunipungia mkono.

Huko kwao, alinieleza, kila boti hubeba kopo la kuchotea maji yanayovuja, na yeye utotoni alichota mpaka mikono ikafa ganzi. Mwenyekiti alipoleta kopo jipya la kuwekwa ndani, fundi alilitupa kwenye maua. "Ukiweka kopo, ushakubali itavuja. Na kama mama ana uchungu wa kuzaa, nani atachota?"

Ijumaa ilikuwa siku ya kupima. Alipaka chokaa nje ya kila mshono wa mabamba mapya aliyochomelea na mafuta ya taa kwa ndani, tukangoja. Penye upenyo, hata ule usioonekana kwa macho, mafuta hupita na kuchafua chokaa. Alikuwa akitamba kwamba hatutaona kitu, na kweli tulizunguka boti karibu yote ikiwa nyeupe pepepe. Kisha, chini ya pua ya boti, likatokea doa dogo kama ukucha. Aliinama, akaligusa kwa kidole. "Hiyo ni kidogo, mama," mwenyekiti akasema. "Paka chokaa tena, nani atajua?" Fundi akavuta kofia yake ya kuchomelea. "Hapo ni mimi nimekosea. Na maji haijui mgeni wa heshima." Akaukata mshono wote. Lori likaondoka tupu, sherehe ikafanyika bila boti, ng'ombe akaliwa, na mwenyekiti akaapa hatamsemesha tena. Boti ilienda wiki iliyofuata bila hotuba wala utepe.

Nimeifikiria sana siku ile. Jiji letu hili linapenda utepe. Tunajenga, tunapaka rangi, tunazindua, tunapiga picha, halafu miaka yote inayobaki tunachota maji. Ingia ofisi yoyote hapa mjini utakuta kopo lake: mtu aliyeajiriwa kuomba radhi kwa kile ambacho wenzake hawakukifanya sawasawa. Yule mama alikataa, na kiburi chake, ambacho wengi walikinung'unikia, kilikuwa haki yake.

Nilikwenda mazishini. Ufukweni jeneza liliingizwa kwenye boti ileile, na aliyelishika upande wa kichwani ni mwenyekiti, machozi yakimtiririka. Mimi mtu wa bara naogopa maji, Mungu wangu. Tulipofika katikati ya ziwa nilijikuta napapasa chini ya kiti. Mume wa marehemu aliniona. "Unatafuta kopo? Hakuna. Hakuwahi kuturuhusu." Basi nikavua viatu, nikakanyaga chuma kile kwa soksi. Kila mmoja wetu na afanye kazi ambayo siku moja hataogopa kulazwa juu yake. Soksi zangu zilifika kisiwani kavu.