Shangazi Redio Anyamaza

Shangazi yangu kazini wanamwita Redio, na hapo wamemhurumia. Kazi yake ni kusimama kwenye ukumbi wa nyota, taa zikishazimwa, awaeleze wageni waliojilaza kwenye viti wanachokiona kwenye kuba, pale mitambo inapomulika nyota na sayari. Mimi nauza tiketi mlangoni, na hata mlango ukifungwa namsikia. Mdomo wake hauna breki.

Meneja akatangaza kwamba maonyesho sasa yatakuwa ya mazungumzo: mwongozaji aulize, wageni wajibu, safari ya angani ifuate majibu yao. Akaleta mkufunzi, bwana mmoja wa tai na miwani. Atakayeshindwa mafunzo, nafasi yake itachukuliwa na sauti ya kurekodiwa. Shangazi alirudi nyumbani amenuna, kwa sababu kile kipaza sauti ndicho roho yake.

Kanuni ya mkufunzi ilikuwa fupi: ukishauliza, nyamaza mpaka mtu ajibu. Haya, mnyamazishe Redio! Tukafanya mazoezi sebuleni. Akatuuliza twende Mwezini au sayari ya Zohali, akajijibu mwenyewe kwamba Zohali, maana Mwezi tumeuzoea, akazama kwenye pete zake hadi chakula kikapoa. Mumewe akasema kwa upole kwamba yeye tangu waoane bado anasubiri zamu yake ya kujibu. Nilicheka nikapaliwa, na ndala ikanipata mgongoni.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Mkufunzi alikaa nyuma, meneja ubavuni pake, nami nikajibanza mlangoni. Taa zikazimwa, nyota zikawaka.

"Jamani, tuanzie wapi leo?" shangazi akauliza.

Kimya. Kwa mwanga hafifu nilimwona ameuma ncha ya mtandio wake, macho yamemtoka. Mara kimya kile kikajibiwa na mkoromo mzito kutoka nyuma. Mkufunzi! Vile viti havina adabu, vimelaza wengi.

Watu wakaangua kicheko, meneja naye akawa anajikaza. Shangazi akauachia mtandio, akauliza kwa kunong'ona kama tumwamshe au tumwache, akanyamaza tena. Loo, majibu yakamiminika! Tumwache. Tumpeleke Zohali hivyo hivyo. Akatupeleka, na kila tulipofika akauliza, akasubiri, wageni wakabishana. Sijawahi kumsikia akisema machache namna ile, na nilimwonea fahari. Mwishowe wakapiga kura mkufunzi achomozewe jua. Shangazi akalichomoza polepole upande wa kiti chake.

Bwana yule akashtuka, akapangusa kidevu, akapiga makofi peke yake.

Shangazi akamwendea na kipaza sauti mkononi.

"Mwalimu, nimefaulu?"

Akanyamaza. Bwana akamwangalia meneja, akashika tai, akakohoa. Shangazi kimya. Ukumbi mzima kimya.

"Umefaulu, mama."

Shangazi hakusema neno. Alisubiri tu, anatabasamu.

"Tena vizuri sana," mkufunzi akaongeza.