Yule Mheshimiwa Aliyependwa na Mama

Kaka yangu alimzika mama kwa simu. Mjomba aliinyanyua juu ya vichwa vya watu pale makaburini, na kaka, huko Uingereza, akatazama mchanga ukishuka mpaka chaji ya mjomba ikaisha. Nyumbani kwetu Tandika wanawake waliokuja kuhani wakaanza: mtoto gani huyu, mama anazikwa, hata kurudi hakurudi? Wengine hawakujali hata kushusha sauti. Nilitaka kuwarukia. Nikanyamaza, maana ukweli ungeanza na mie mwenyewe.

Kaka aliondoka kwenda kusoma. Masomo yakaisha, vibali vikaisha, yeye akabaki, anaosha magari. Miaka kumi na moja. Kuondoka kule angeweza siku yoyote; kuingia tena ndiko asingeruhusiwa, basi hakuthubutu kutia mguu nje. Hilo mama alilijua. Asilolijua nitalisema mbele.

Moyo wa mama ulikuwa umechoka. Ndilo neno alilotumia daktari, umechoka, na mama akalichukua: "Leo mchovu wangu hajanilaza." Alikuwa na haja moja tu duniani, amwone mwanawe kabla hajaingia kaburini. Tukimpigia kaka video, anampapasa papasa kwenye kioo, kisha anakasirika. "Simtaki wa kwenye simu," anasema. "Namtaka wa kumpakulia."

Mambo ya televisheni niliyaanzisha mie. Nafundisha Kiingereza sekondari, na Jumamosi asubuhi kwenye king'amuzi kulikuwaga na marudio ya mdahalo mmoja wa Uingereza: wanasiasa wamepangwa mstari, raia wanawauliza maswali, wanajibu papo hapo. Nilikuwa naokoteza misemo ya kwenda kuwakoga wanafunzi. Mama anachagua mchele kwenye ungo, na mpangaji wetu, karani mstaafu kutoka Mbeya, anaingia na kikombe chake cha chai. Ndio hao watazamaji wenyewe.

Nilitafsiri, wao wakatoa hukumu. Mpangaji alipomwona kijana amesimama anamwambia waziri kuwa ni mwongo, mbele ya watu wote, alikitua kikombe. "Na anarudi kwake salama?" aliuliza. Mama hakushangazwa na hilo, yeye aliangalia adabu. Kulikuwa na mwanamama mmoja mwenye miwani. Huyo alimpenda kwa kuwa anamwacha mwenzie amalize. Bwana mmoja mnene alimkataa siku ya kwanza. "Kaulizwa swali, kanywa maji. Kaulizwa la pili, kanywa tena. Huyo ana jibu au ana kiu?" Tulicheka jamani, mpaka mchele ukamwagika.

Kisha akatokea Bwana Kidole. Jina kapewa na mama, kwa sababu kila neno alilisindikiza kwa kugonga meza kwa kidole. Mtu mkavu, hana tabasamu. Siku hiyo ukumbi ulichafuka, nusu wanapiga makofi, nusu wanazomea, na mama akanigusa bega. "Kasemaje?"

"Anasema chama chake kikishika nchi, wote wasio na vibali watapandishwa ndege warudishwe kwao."

"Hata wa huku kwetu?"

Nikasema ndiyo. Nilidhani ataangua kilio. Mama yangu aliweka ungo chini, akainua mikono yote miwili, akasema, "Yarabi, mpe ushindi mja wako huyu."

Mpangaji akapaliwa na chai. Alijaribu kumweleza, kwa upole wake, kuwa yule bwana hawapendi watu kama sie. "Kwani nataka anioe?" mama akamjibu. "Mie namtaka mwanangu."

Tangu hapo Jumamosi ikawa ya Bwana Kidole. Asipotokea, mama ananuna. Akitokea, anamtafutia kasoro za mtu wa nyumbani: mbona kakonda, hawamlishi? Mbona tai imekaa upande? Kila swala akawa anamwombea. Mtaani wakamcheka, bibi wa Tandika anampigia kampeni Mzungu! Na mie nikacheka nao, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Kwa sababu kaka alikuwa na mtoto kule, binti wa miaka minne, aliyemzaa na mwanamke ambaye hawajafunga naye ndoa. Aliniambia mie peke yangu, akaniapisha nisimwambie mama, maana aliogopa hasira zake. Kwa hiyo mama alikuwa anaomba, bila kujua, mtoto yule anyang'anywe baba, na mie nimekaa pembeni yake natafsiri. Miezi na miezi. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema, nilijiambia kura za Waingereza hazipigwi Tandika, dua ya mama mgonjwa itamdhuru nani?

Ikafika Jumapili moja mchana, kaka akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jiandae kurudi," mama akasema, uso unang'aa. "Kuna mheshimiwa wa huko kwenu, yule wa kidole, namwombea kila siku. Akishinda tu, anakuleta."

Nilimwona kwenye kioo anageuza uso. Kisha ikamtoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mama, unamjua mtu yule? Wakimtaja redioni kazini mie naenda kujificha chooni. Mlango ukigongwa natetemeka. Halafu wewe, mama yangu mzazi, unamwombea?"

"Nakuombea wewe urudi."

"Nina mtoto huku, mama." Akaanza kulia, mwanaume mzima. "Nina binti. Nimempa jina lako. Wakinipakia kwenye ndege, yeye anabaki."

Mama hakugomba. Hakuitazama hata simu, alinitazama mie. "Ulijua?" Nikaitikia kwa kichwa. Angenizaba kibao ningeshukuru. Alisema tu, "Na ukaniacha niombe," akanyanyuka, akaingia chumbani.

Wiki nzima hakunisemesha isipokuwa kwa shughuli: leta maji, leta dawa. Siku moja nilimsikia uani anamuuliza mpangaji kama dua iliyokwisha kuombwa inaweza kurudishwa. Mzee wa watu ni Mkristo. Akamwambia atamuulizia kwa mchungaji wake.

Jumamosi mama akatoka mwenyewe, akakaa kwenye mkeka. Miguu ilikuwa imemvimba. Hakuchukua ungo. "Washa," akasema, nikawasha. Bwana Kidole alikuwepo, anagonga meza kama kawaida yake. Mama alimtazama kitambo kirefu, kama binti anayemuaga mchumba aliyekataliwa na wazee.

"Mwambie kaka yako nimehama chama," akasema. "Nipo na yule mwanamama wa miwani."

Nilijua anasema nini. "Mama, lakini wewe ulitaka..."

"Nilitaka. Mtoto hanyang'anywi baba. Mie chumvi nimekula ya kutosha, nitakufa tu. Huyo mwenzangu ndiyo kwanza anaanza." Akapangusa pua kwa upindo wa kanga. "Haya, nitafsirie. Mwanamama anasemaje kuhusu wenye watoto?"

Mwanamama alikuwa anazungumzia majitaka, mabomba na bili. Kuhusu wenye watoto hakusema kitu asubuhi ile, wala sikuwahi kumsikia akisema.

"Anasema wenye watoto wataachwa wabaki, mama. Hakuna wa kuwagusa."

"Kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Alhamdulillahi," mama akasema, akajifunika kanga usoni, mabega yakaanza kumtikisika. Na mie nikaendelea kumtafsiria hayo hayo mpaka kipindi kikaisha.