Kanuni ya Kumi na Nne Niliiandika Mimi, Leo Inamnyang'anya Dada Yangu Shamba

Mhariri, naomba jina langu lisitoke, maana kijijini kwetu gazeti moja husomwa na watu ishirini.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenyeji wa Mvumi, wilaya ya Kilosa. Nilisoma sheria, nikaajiriwa serikalini, na sasa nimeruhusiwa kurudi chuoni kwa shahada ya pili. Ninachosomea ni nadharia ya sheria: sheria ni kitu gani, inatoka wapi, kwa nini watu waitii. Nilipoeleza hivyo nyumbani, shemeji yangu mmoja aliniuliza, "Miaka yote hiyo darasani na bado hamjajua sheria ni nini?" Watu walicheka mpaka nikanuna. Leo naona walikuwa na haki ya kunicheka.

Kwetu shamba linafuata ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenipeleka shule wakati wengine wanasema mtoto wa kike wa nini, alikuwa akiamua magomvi ya mashamba tangu kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Hata baada ya kuhamia, watu waliendelea kumwendea. Hajui kusoma. Likizo mbili mfululizo nilikaa pembeni yake na daftari, nikaandika kila alichoamua. Tasnifu yangu inadai kwamba mila zetu ni sheria kamili, kilichokosekana ni kuandikwa tu. Basi nikaondoa majina, nikaondoa vilio na maneno ya pembeni, nikabakiza kanuni tupu, thelathini na mbili, kila moja na namba yake. Msimamizi wangu chuoni alizisoma akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile.

Nilivimba kichwa. Katibu wa kijiji alipoomba nakala, nilimpigia chapa mwenyewe, nikaweka na sahihi. Nilidhani ninajenga taifa.

Sasa dada yangu wa tumbo moja amerudi. Aliolewa akaenda Mikumi, mumewe akifanya kazi ya barabara, na mwaka jana mume akafariki. Amerudi na watoto watatu ili alime shamba aliloachiwa na mama, lile lile alilolima kabla ya kuolewa. Katibu akafungua faili lake akamsomea kanuni ya kumi na nne: mwanamke aliyeolewa akakaa mbali zaidi ya masika matatu, shamba lake linarudi mikononi mwa ukoo na kugawiwa mwingine. Na mwingine ameshapatikana.

Nilipopata barua nilipanda basi mpaka Dumila, nikaunga gari jingine, nikafika nikakuta mjomba yuko ofisi ya kijiji, mbele ya meza ya katibu, fimbo mapajani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Njoo umwambie huyu. Mimi maneno hayo sikuyasema."

"Mzee, yameandikwa," katibu akasema. "Na aliyeandika ni msomi wetu, huyu hapa."

Mjomba akanigeukia. "Mpwa wangu, yule mama wa kesi uliyoiandika nilimnyima kwa sababu aliyekuwa akililima shamba lake alikuwa na mahindi yameshaanza kubeba. Ningeng'oa mahindi ya mtu? Nilimwambia asubiri. Tulipovuna nikamrudishia shamba lake. Hilo umeliandika wapi?"

Sikuwa nimeliandika. Likizo yangu iliisha kabla ya mavuno, nikarudi chuoni, na nilipokuja tena sikuuliza ile kesi iliishaje. Nilishaipa namba. Nilisimama pale mbele ya katibu nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ijayo. Katibu ameniambia wazi kwamba nikisimama mbele ya watu nikasema kanuni zile zina makosa, atazitupa zote na dada atapewa shamba. Je, niseme kwamba kanuni moja tu ndiyo mbovu? Mjomba amezipitia nyingine pamoja nami, nikimsomea moja moja, na karibu kila moja anasema, "Hiyo ilikuwa ya siku ile, kwa watu wale." Kwa hiyo si kanuni moja iliyoanguka. Ni tasnifu nzima, na inatakiwa mezani mwisho wa mwezi.

Nilimweleza msimamizi. Akavua miwani akasema, "Kamilisha kwanza, marekebisho utafanya baadaye. Ukiiondoa sura hiyo ya kanuni huna tasnifu." Ofisini kwetu nako nimeambiwa ruhusa ya masomo haitolewi mara mbili. Nimechoka jamani! Miaka miwili ya kusoma, na kitu pekee nilichofanikiwa kukithibitisha ni kwamba sikumsikiliza mjomba wangu mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni dada. Hajanilaumu. Jana alikuwa anapepeta mchele uani, akaniuliza taratibu, "Hiyo kumi na nne, umeiandika wewe kweli?"

Nikasema, "Ndiyo, dada."

"Basi ifute."

Akaendelea kupepeta. Nikaketi kando yake, shahada yangu ya kwanza kichwani na ya pili njiani, nikaanza kumchambulia mchele mtu aliyeachia shule darasa la pili ili mimi niendelee.

Wasomaji, msinitumie maneno ya kunipoza wala msiniambie muda upo, kwa sababu Jumamosi iko karibu kuliko barua zenu. Nisimame mkutanoni niiangushe kazi yangu kwa mdomo wangu, au ninyamaze nipate shahada halafu nije kumtetea dada yangu akiwa hana tena pa kulima? Niambieni, na aliyewahi kumnyima ndugu yake haki kwa kalamu yake mwenyewe ndiye aanze kunijibu.