Mchimba makaburi anayetaka kulala miguuni pa mkewe

Saa moja asubuhi, Futi Sita tayari yumo kaburini hadi kifuani. Koleo linapanda, udongo unamwagika ukingoni. Anasita, anaangalia jua lilipo, kisha anachomeka kijiti upande wa magharibi.

"Kichwa hapa," anasema. "Miguu kule jua linakotoka."

Ni miaka ishirini na sita sasa anachimba makaburi ya kanisa hili, matatu au manne kwa wiki, na mgongo umeanza kumgomea. Wenzake walimbandika jina la Futi Sita kwa sababu hajawahi kuishia futi tano, hata penye mwamba.

Hapa wafu huzikwa wakielekea mashariki. Siku ya ufufuo, anaamini, parapanda italia na miili itainuka, hii hii tuliyo nayo, na kila mtu atafumbua macho amwone Bwana akija.

"Mimi nawatandikia watu kitanda cha kuamkia," anasema, na wala hatanii.

Mwaka jana alifiwa na mkewe. Kaburi alilichimba peke yake; waliotaka kumsaidia aliwafukuza. Lakini siku ya maziko alikaa na wafiwa, na penye kijiti hapakuwa na mtu wa kuwaelekeza wabebaji. Mvua ilikuwa imefunga njia ya juu, wakaingilia geti la chini, wakamshusha vile vile walivyofika naye, bila kumgeuza.

Wiki moja baadaye binti yake alimwonyesha picha za maziko kwenye simu. Upande mwembamba wa jeneza, ule wa miguuni, ulikuwa magharibi.

"Nilizitazama tena na tena," anasema. "Watu wote hawa nimewalaza sawasawa, halafu mama watoto ndiye namwacha ampe Bwana mgongo."

Alitaka kumfukua. Binti yake alikataa katakata. "Baba, mwache mama apumzike," alimwambia. "Ukimgusa, mimi hapa sikanyagi tena."

Mchungaji naye alimkalisha chini. Mungu atakayewafufua waliokufa maji na walioteketea kwa moto, alimweleza, hawezi kushindwa na jeneza lililogeuzwa.

"Najua Mungu hashindwi," anasema Futi Sita. Anafuta macho kwa mkono wenye udongo, na uso unachafuka. "Mimi ndiye niliyeshindwa kazi yangu. Siku moja tu, na siku yenyewe ikawa ile."

Hakumfukua. Badala yake aliomba kanisa limpe kipande cha ardhi kilicho ng'ambo ya miguu ya mkewe, karibu na ua, mahali palipojaa mawe ambapo hakuna aliyepataka. Alikubaliwa. Kila jioni akimaliza kazi hung'oa jiwe moja au mawili.

Atalala kama wengine, kichwa magharibi, nyayo zake zikitazamana na za mkewe.

"Parapanda ikilia, akifumbua macho atakutana na mimi kwanza," anasema. "Atashangaa, namjua. Nitamshika mkono nimwambie, mama watoto, nisamehe, kosa lilikuwa langu. Geuka, anakuja."