Maneno ya Mjomba Katika Ripoti ya Serikali

Nilimchukia mkuu wa idara yangu kabla sijajua habari za droo yake. Sababu zangu za mwanzo zilikuwa ndogo ndogo. Alizoea kupasua bahasha zilizokwisha tumika na kuandika barua zake upande wa ndani, halafu akanilaumu mimi kwa kumaliza karatasi za chuo. Mbele ya wanafunzi aliniita "msaidizi wetu", kana kwamba nililetwa kufuta ubao. Nilikuwa mhadhiri msaidizi wa historia katika chuo cha Kampala, Mwafrika pekee katika idara ile. Ilikuwa miaka ya baada ya vita vya pili. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chake, na wachache kati yetu tuliobahatika kusoma hadi juu tuliishia huko Uganda.

Habari za droo nilizipata kwa karani wa idara, Mgoa mmoja mwembamba wa asili ya Bara Hindi, aliyepiga chapa barua zetu zote. Nilimwendea kulalamika kwamba wenzangu Wazungu kila mwaka walipata fedha za utafiti, wakaenda huku na huko na mahema yao, na mimi sikuwahi hata kuona tangazo la fedha hizo.

"Matangazo huja kwa meli kila mwezi," karani akasema bila kuinua macho. "Yeye huyafungia kwenye droo. Huyatoa tarehe ya mwisho ikishapita, au anapotaka kumpa rafiki yake."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuwahi kuniuliza. Wewe hupita hapa kama yeye anavyopita, bila salamu."

Ilikuwa kweli, na ilinikera zaidi kwa kuwa kweli. Hata hivyo kuanzia siku hiyo alininakilia kwa mkono kila tangazo lililofika kabla ya kulipeleka ndani. Hakufanya hivyo kwa kunipenda. Alimchukia mkuu wa idara kwa miaka mingi kuliko mimi, basi tukawa na jambo la kushirikiana.

Nilijua ninachotaka kutafiti. Mimi ni mtu wa Lusu, upande wa Nzega, nimelelewa katika nyumba ya Wakristo Wamoravia. Kaka yake mama yangu alikuwa mpagazi ujanani mwake. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, zaidi ya mara moja, kabla reli haijafika Tabora na kuiua kazi ile. Vitabu tulivyofundishia viliwataja kwa majina Wazungu wote waliopita njia hiyo, hata mbwa wao walitajwa. Waliowabebea vyombo na chakula waliitwa "mizigo" au "watu". Nilitaka kuwaandika wale watu kabla hawajafa wote. Nilitaka nijue walilala wapi, waliimba nini, na nani aliwauguza walipougua njiani.

Nikaandika maombi yangu kwa mfuko wa utafiti wa serikali, na nikaeleza habari za nyimbo na vituo vya njiani kwa kurasa sita. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Lilikuwa sentensi moja: jambo hili si miongoni mwa yale yanayoshughulikiwa na mfuko. Mkuu wa idara alinipa barua ile ikiwa imefunguliwa.

"Sijui uliipata wapi anwani yao," akasema. "Mara nyingine upitishe kwangu, nikuepushe na aibu."

Nilikwenda kwa karani nikamtupia barua ile juu ya mashine yake. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Kosa ni lako," akasema. "Unawaandikia unachotaka wewe. Nimekuletea tangazo, umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Hukulisoma. Wametaja vibarua mara ngapi mle?"

Nililisoma tena usiku huo huo, nikaona. Serikali ilitaka kujua vibarua hutoka wapi, huondoka miezi gani, kwa nini wengine hawaendi. Mashamba ya mkonge yalikuwa na njaa ya watu. Nikafuta nyimbo. Nikafuta wagonjwa na vituo. Kazi yangu nikaipa jina jipya: desturi za Wanyamwezi za kusafiri kutafuta kazi, zamani na sasa. Nilijiambia kwamba nabadilisha kilemba tu, kichwa ni kile kile. Nikishapata fedha nitauliza ninayotaka, nao nitawapa kurasa chache za kuwaridhisha.

Mkuu wa idara alitia sahihi bila kusoma zaidi ya kichwa cha habari. "Hatimaye umeandika jambo la maana," akasema. Mfuko ukakubali kwa barua ya kurasa mbili.

Nilivuka ziwa kwa meli mpaka Mwanza, nikashuka kwa treni mpaka Tabora. Masharti ya mfuko yalinitaka nianze kwa kuripoti bomani. Bwana Shauri wa pale, yaani Mzungu mkuu wa wilaya, kijana kuliko mimi, aliniacha nimesimama huku akisoma barua yangu mara mbili. Kulikuwa na viti viwili vitupu mbele ya meza yake.

"Utauliza watu habari gani?" akaniuliza kwa Kiswahili, ingawa barua yangu ilikuwa ya Kiingereza na nilimwamkia kwa Kiingereza.

"Habari za safari zao, Bwana."

"Za siasa?"

"Za safari."

"Nakala ya kila utakachoandika niletewe hapa. Na usikae Kanyenye. Wale wa mjini wana maneno mengi. Nenda vijijini."

Nilikaa Kanyenye siku mbili kwa ukaidi tu, katika nyumba ya kupanga nyuma ya duka la nguo, sikumwuliza mtu yeyote neno lolote. Kisha nikapanda basi la Nzega, na kutoka Nzega nikafika Lusu kwa baiskeli ya kuazima.

Mjomba wangu alikuwa mzee sana, macho yake yamepata ukungu, lakini kumbukumbu yake ilikuwa safi kuliko yangu. Nilipomwambia nimekuja kuandika habari za upagazi aligeuza uso upande wangu.

"Ni za nani habari hizo?" akaniuliza.

"Zetu, mjomba. Nataka wajukuu zako wazisome."

"Watasoma kwamba baba zao walikuwa punda?"

"Watasoma kwamba walikuwa watu."

Tulikaa pamoja wiki tatu. Alinieleza kila kitu. Alinitajia vituo kwa mpangilio, na maji ya kila kituo, matamu na ya chumvi. Aliniimbia kwa sauti iliyokatikakatika nyimbo za kuamkia na nyimbo za kumsema kiongozi mchoyo. Na kwa kuwa nilikuwa na deni la kurasa chache kwa mfuko, nilimwuliza pia yale mengine: vijana waliondoka mwezi gani, kutoka vijiji gani, kwa sababu ipi.

"Baada ya mavuno," akasema. "Nafaka ikishaingia ghalani kijana hana kazi. Akikaa nyumbani wasichana wanamcheka. Asiyewahi kuiona pwani tulimhesabu bado mtoto, hata akiwa na ndevu. Ukitaka kumwondoa kijana wa hapa usimwambie habari za fedha. Mwambie kwamba jirani yake ameshakwenda."

Nilicheka, nikayaandika kama alivyoyasema. Yalikuwa maneno mazuri.

Ripoti niliiandika Kampala. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya vibarua: vijiji, miezi, sababu, na yale maneno ya mjomba niliyatafsiri kwa uangalifu kwa sababu nilijivunia tafsiri yangu. Sehemu ya pili, kubwa zaidi, ilikuwa ya njia na nyimbo. Mfuko ulinirudishia sehemu ya pili yote. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza mtu alikuwa ameandika kwa penseli: haihusiki. Sehemu ya kwanza waliibakiza, wakanishukuru.

Mwaka uliofuata nilirudi Lusu likizo. Nilifika nyumbani kwa mjomba mchana, nikamkuta ameketi kando ya ukuta kwenye kivuli.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Nilidhani hakusikia, nikasogea, nikarudia.

"Nimekusikia," akasema. "Keti chini, nikueleze kilichotokea."

Nikaketi. Alisema lori la kuchukua vibarua lilikuja wiki moja baada ya mavuno. Halikuzunguka vijijini kuuliza, kama malori ya zamani yalivyofanya. Lilikuja moja kwa moja mpaka kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, na mtu wa mashamba ya mkonge akashuka na karatasi. Watu wakaitwa.

"Alizungumza vizuri," mjomba akasema. "Hakutaja fedha. Alisema, vijana wa kijiji cha pili wameshakwenda wote, nyinyi mnangoja nini? Alisema, zamani hapa kwenu asiyeiona pwani alihesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Watu walicheka. Walishangaa mgeni huyu anatujuaje. Mimi sikucheka."

Nikasema labda ni desturi inayojulikana na wengi.

"Ndevu zilikuwa zangu," akasema. "Hakuna anayesema hivyo ila mimi. Niliyasema hapa hapa, na wewe ulicheka ukaandika."

"Mjomba, sikuandika kwa ajili ya watu wa lori."

"Uliandika kwa ajili ya nani?"

"Nilikwambia. Wajukuu."

"Mjukuu gani amesoma? Nionyeshe. Aliyesoma kwanza ni mtu wa lori. Nani alikulipa nauli ya kuja hapa?"

"Serikali."

"Ulipoketi hapa wiki tatu ukila ugali wangu, uliniambia kwamba ni serikali?"

Sikuwa nimemwambia. Nilijua asingesema lolote kama ningemwambia. Mtoto wake wa mwisho, binamu yangu, alikuwa amepanda lori lile pamoja na vijana wengine wa Lusu, akaacha mke na shamba la pamba.

"Nenda kwa mama yako," akasema. "Salamu zako nimezisikia. Sina cha kuzirudishia."

Niliondoka na hasira. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimkasirikia yeye kabla sijajikasirikia mwenyewe. Njia nzima ya Nzega nilikuwa nikimjibu moyoni: kodi ilikuwepo kabla yangu, malori yalikuwepo kabla yangu. Nilifika Tabora nikiwa nimeshinda mabishano yote, na hali yangu ilikuwa mbaya vile vile.

Chuoni nilimkuta mkuu wa idara akinisubiri kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake. Alikuwa na furaha nami. Mfuko ulitaka niendelee Usukuma kwa miaka miwili, kwa fungu kubwa zaidi, na jina la idara lingechapishwa. Barua ilitaja kwamba matokeo ya kwanza yalikuwa "ya manufaa ya vitendo".

"Sitaki," nikasema.

"Hukuelewa barua."

"Nimeielewa. Sitaki fedha hizo."

Uso wake ule wa kawaida ukarudi. "Watu wa namna yako hupewa nafasi moja," akasema. "Nilimwambia mkuu wa chuo hivyo siku tulipokuajiri, na yeye akaniona mkali."

Nilimwambia kwamba hakuwahi kunipa nafasi yoyote, kwamba matangazo yote niliyapata kwa wizi, kupitia kwa karani wake. Nilitaka kumwumiza. Badala yake nilimwumiza karani, maana siku ya pili aliitwa ndani, akahamishiwa ghala la vitabu. Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa akihesabu masanduku.

"Nilikunakilia matangazo kwa mkono, kila mwezi," akasema. "Umepata fedha, umezikataa, halafu umenitaja. Ondoka mbele yangu."

Mkataba wangu haukuongezwa. Nilirudi Tabora nikapata kazi ya kufundisha shule ya sekondari, historia ile ile, vitabu vile vile. Mtu mwingine alikwenda Usukuma kwa fungu lile nililolikataa. Nilisikia alifanya kazi nzuri.

Mjomba alikufa miaka mitatu baadaye. Kila likizo nilikwenda kumwamkia, na kila mara alinisikiliza bila kuitikia. Alikuwa tayari kunipa chakula na kuniuliza habari za mama, lakini marahaba hakuitoa tena. Mkewe aliniambia alikuwa akitaja jina langu kwa wageni, kwa wema, nisipokuwepo.

Binamu yangu alirudi kutoka mkonge kwa mazishi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu ya miiba mpaka kwenye kiwiko. Tulipomaliza kufukia tulikaa pamoja pembeni, na nilimwambia niliyokuwa nimetaka kumwambia kwa miaka ile yote, kwamba lori lile lilikuja kwa kalamu yangu.

"Mzee alikuwa akisema hivyo," akanijibu. "Mimi ningekwenda tu. Mwaka ule pamba haikunilipa kitu, na kodi ilikuwa inanisubiri. Yule mtu wa lori hata angekuwa bubu ningepanda."

"Kwa nini hukumwambia mzee?"

"Nilimwambia kwa barua. Alijibu kwamba mimi sikuwepo ulipokuwa unacheka."

Nilitegemea kwamba nikisikia angekwenda hata bila maneno yangu, nitapumua. Badala yake nilimchukia kidogo binamu yangu kwa kunisamehe kwa urahisi hivyo, bila hata kuniuliza nilichojipatia. Wanawake walituita tukale. Alinyanyuka kwanza, akanipa ule mkono wenye makovu ili niinuke, nami nikaushika.