Miwani ya Jua Sebuleni

Jicho langu la kushoto linacheza. Likichoka, paja linapokea. Paja likipumzika, kigimbi cha mguu kinaanza kurukaruka chini ya ngozi kama panya ndani ya gunia la alizeti. Maumivu hakuna. Ni aibu tu, na mtu wa kukaa nyumbani kama mimi aibu anaimudu. Kuku wangu hapa Unyambwa hawajawahi kuniuliza kwa nini nawakonyeza.

Wanaouliza ni watu. Zahanati waliniambia ni malaria. Nikameza dawa, paja likaendelea na shughuli zake. Wakapima tena ikawa taifodi, na nilipokataa kupona ikawa U.T.I., maana siku hizi mtu hatoki pale bila mojawapo ya hizo tatu. Kisha mtabibu mwingine akauona mkono wangu ukiruka juu ya meza yake, akasema ni kifafa, hata kunigusa hajanigusa. Akanipa vidonge vya kulala fofofo. Mke wangu anasema hakuona tofauti kubwa, ila safari hii nililala kwa ruhusa ya daktari.

Baadaye daktari wa mjini akanigonga magoti kwa kinyundo, akanipima hiki na kile, akasema ni misuli kucheza tu, haiui mtu. Vile vidonge akanipunguzia kidogo kidogo mpaka vikaisha. Nikamuuliza kama watoto wanarithi.

"Koo nyingine wanarithishana, nyingine hapana," akasema. "Wa kwenu sijui."

Mtu amesoma miaka yote hiyo, halafu anajibu kama mimi niliyeishia kidato cha nne.

Shida ni kwamba neno kifafa lilikuwa limeshatoka, na neno likitoka huku kwetu halirudi zizini. Kabla watu hawajaoana, kila upande unachunguza ukoo wa mwenzake: kuna wachawi, kuna wagomvi, kuna kifafa? Kwa hiyo siku mshenga alipotuma salamu kwamba anakuja kwa ajili ya binti yetu mkubwa, mke wangu aliingia chumbani akatoka na miwani ya jua.

"Vaa."

"Ndani ya nyumba?"

"Utasema macho yanauma. Na huo mkono ukalie."

Nikaukalia. Mshenga, mzee mrefu kutoka Mgori, alipoinama kuingia nikamwamkia shikamoo nikiwa nimeegemea upande mmoja kama gari lenye pancha. Akaitikia, akaketi, akanitazama.

"Naona jua la humu ndani ni kali."

"Macho, mzee."

"Pole sana."

Tukala. Akasifu kuku, akalaumu mvua. Halafu akasogeza bakuli pembeni.

"Sasa, baba. Katika ukoo wenu kuna maradhi gani tunayopaswa kuyajua?"

Mke wangu akanikanyaga mguu. Nilimwelewa. Nikisema, huenda binti akakosa mume aliyempenda. Nikificha, siku jicho lake likimcheza mbele ya mama mkwe wataambizana kwamba tuliwauzia mbuzi mgonjwa, na hapo mimi sitakuwepo kumtetea. Nikavua miwani. Nikamweleza yote, kuanzia paja mpaka kinyundo.

Mzee akasogea kulitazama jicho. Nalo, lisilojua kutulia mbele ya wageni, likatulia tuli.

"Mbona halichezi?"

"Linaona aibu."

Akacheka mpaka akafuta midomo. "Habari hizo tunazo, baba. Tuliwauliza majirani zako kabla hatujatuma salamu. Wengine wakasema kifafa. Mmoja akasema unakonyeza wake za watu, na hilo ndilo lililotupa shida zaidi. Mimi nilikuja kusikia mtasema nini wenyewe."

Mke wangu akaichukua miwani mezani polepole, kama mtu anayeokota kitu kisicho chake.

"Na binti je?" mzee akauliza.

Swali hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia. "Sijui," nikasema. "Daktari naye hakujua."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, akidhani tumemaliza kula.

"Mimi ni kigimbi, babu," akasema, macho chini. "Kinaruka nikichoka. Mwenzangu nilishamwonyesha."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama kinauma. Nikamwambia hapana. Akaendelea kula muhogo wake."

Mzee akavuta bakuli lake. "Basi rudisha hilo jagi, mwanangu. Hata mimi bado nakula."

Nikamfuata binti jikoni. Nilimkuta akipuliza moto ambao wala haukuwa umezimika.

"Kimeanza lini?"

"Zamani, baba. Tangu niko shule."

"Na muda wote huo hukuniambia?"

"Hukuniuliza mimi," akasema. "Ulimuuliza daktari."