Mikono Mfukoni

Maneno yalimfikia mke wa Beleshi kwenye foleni ya maji, mtoto mgongoni. Jirani wa mlango wa pili, asiyeweza kuficha hata ndoto zake, alimsogelea.

"Mdogo wangu, mumeo siku hizi bosi? Leo siku ya tatu namkuta nje ya geti la ujenzi, mikono mfukoni. Wenzake wanabeba, yeye anahesabu ndege."

"Basi ndege wetu hawatapotea," akajibu, na foleni ikacheka. Lakini neno lile alirudi nalo nyumbani.

Beleshi na kazi walikuwa chanda na pete. Jina hilo alipewa na vibarua wenzake, kwa alivyokoroga zege bila kunyoosha mgongo. Malipo yalikuwa ya siku: ukichaguliwa asubuhi, mnakula, usipochaguliwa, mnasimuliana hadithi. Jioni alirudi na saruji hadi kwenye kope, mtoto akamlilia asimjue, naye akasema, "Ngoja nioge, uone baba yako alivyo mzuri."

Siku tatu hizi alirudi safi. Mkewe, kwa ujinga wa mapenzi, alidhani wamewekewa bomba la kuogea kazini, na malipo yamecheleweshwa.

Jioni hiyo hakumuuliza kitu. Alimnyooshea mtoto tu ampokee. Beleshi akarudi nyuma hatua moja, mikono bado mfukoni.

"Itoe," mke akasema taratibu.

"Nitoe nini?"

"Hiyo mikono. Au umeikopesha?"

Akaitoa. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imeliwa, nyama nyekundu inachungulia. Glavu hawapewi, ukiomba, unaambiwa kamwombe mama yako. Basi alijifunga mifuko ya plastiki mikononi kwa kamba, akajiona mjanja kuliko wote. Maji ya saruji yakapenya, yakakaa humo kutwa nzima yakimla. Na mnyapara kila asubuhi hukagua viganja getini: mwenye kidonda haingii, asije akadai matibabu.

"Ungeniambia, baba."

"Ungelia. Ukilia wewe, mtoto naye analia, halafu mimi. Chumba kimoja hakibebi vilio vitatu."

Mkewe akacheka huku machozi yanamtoka. Akaiosha ile mikono kwa maji mengi safi, akaipaka mafuta ya mtoto, kidole kwa kidole, kama anayemvalisha pete. Unga ulibaki wa kesho tu, na mikono ile haikuwa ya kupona kesho.



"Mnyapara anatafuta mwanamke wa kuchota maji ya zege," Beleshi alisema. "Malipo pungufu ya yetu, na ndoo ni zile zile. Siku tatu naona aibu kukwambia."

"Sema, nakusikia."

"Kesho niendee wewe, mke wangu. Mtoto niachie, tutaelewana. Ila nakuomba, akikwambia ujaze ndoo, wewe ijaze nusu."